UZI: Gari la stima au la petroli? Fuata moshi uone unakoishia

1/ Kila tarehe 14 ya mwezi bei ya mafuta ikitangazwa, mjadala ule ule unarudi. Kambi moja inasema magari ya stima ndiyo wokovu, ati hayachafui hewa hata chembe. Kambi ya pili inasema ni ulaghai wa wazungu, betri ni chafu kuliko petroli, na stima yenyewe inatoka kwa makaa ya mawe. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja tu. Uzi ni mrefu, weka chai.

2/ Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute huko chini. Kwa upande wa hewa, hapa Kenya gari la stima linalishinda la petroli, tena kwa mbali. Ila ushindi huo haukuundwa na kiwanda chochote cha magari. Uliletwa na maamuzi ya kisiasa ya miaka 40 au 50 iliyopita, na maamuzi mengine yanaweza kuupoteza. Lita ya petroli ni chafu vile vile ukiichoma Rongai au Tokyo. Uniti ya stima, usafi wake unategemea nani aliamua nini. Twende kwa historia.

3/ Watu hudhani gari la stima ni kitu cha juzi. Si kweli. Mwaka 1900, ule ule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nakuru, zaidi ya theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme. Ya petroli yalikuwa chini ya robo. Yaliyobaki yalienda kwa mvuke. Gari la umeme lilikuwa kimya, halikunuka, na halikuhitaji mtu wa kuzungusha chuma mbele ya injini ndipo liwake.

4/ Mbona basi petroli ikashinda? Mwaka 1901 mafuta mengi yakapatikana Texas, bei ikashuka. Mwaka 1908 Ford akaleta gari la bei ya mtu wa kawaida. Mwaka 1912 Cadillac ikaanza kuuza gari linalowashwa kwa swichi, kazi ya Charles Kettering. Na nje ya miji, stima haikuwepo ya kuchajia. Angalia orodha hiyo tena. Hakuna mahali mtu aliuliza moshi utaenda wapi. Petroli ilishinda kwa bei na urahisi, na bili ya moshi ikaachiwa watu ambao hata hawakuwa na gari.

5/ Bili ya kwanza ilikuwa ya risasi. Sio ya bunduki, ni yale madini. Injini za wakati huo zilikuwa zinagonga. Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors akagundua kwamba ukitia dawa yenye risasi kwenye petroli, injini inatulia. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha dawa hiyo kule New Jersey walikufa kwa sumu yake. Mauzo yakasimamishwa kwa muda, kisha yakarudi. Kwa miongo mingi dunia nzima ikavuta risasi kutoka kwa ekzosi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

6/ Sisi tulivuta pia. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana jijini Dakar kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka, Kenya ikiwemo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilikadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Weka hili akilini: soko liliuza sumu karibu miaka 100. Kilichoitoa ni sheria.

7/ Bili ya pili ni ya kuyasafirisha. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi 1978, na 1994 likapanuliwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwa bomba yakaingia mto Thange, Makueni, watu wakabaki na maji yasiyonyweka. Septemba 2011 petroli iliyovuja ililipuka mtaa wa Sinai, Nairobi, ikaua watu zaidi ya 100.

8/ Na sisi wa Rongai (ya Nakuru jamani, sio ile ya Ongata) hatuhitaji kwenda mbali. Barabara kuu ya kwenda Eldoret na Uganda inapita Salgaa, na malori ya mafuta hayakauki hapo usiku na mchana. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, hapo juu kuelekea Mau Summit. Watu wakakimbilia kuchota na mitungi na ndoo. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 wakafa, wengine wakazikwa pamoja kwa sababu hawangetambulika. Mtu akikuuliza madhara ya petroli kwa mazingira, usianze na barafu ya kaskazini. Anza na Sachangwan.

9/ Sasa tuhamie stima. Hadithi yetu ni tofauti na ya nchi nyingi kwa sababu ya kitu kilicho chini ya miguu yetu, hili Bonde la Ufa. Miaka ya 1950 visima vya kwanza vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, na havikutoa mvuke wa maana. Kazi ikalala. Miaka ya 1970 serikali ikarudi kuchimba kwa usaidizi wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, kila mtu akaelewa kwa nini. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawaka: megawati 15 tu. Kufikia 1985 zilikuwa 45.

10/ Leo mvuke wa ardhini unatupa uwezo wa zaidi ya megawati 900, karibu zote kutoka kaunti hii ya Nakuru. Menengai nayo, hapa mashariki yetu, uchimbaji ulianza 2011 na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kazi 2023. Ukijumlisha mvuke, maji, upepo wa Turkana na jua, takriban uniti 9 kati ya 10 za stima yetu hazichomi kitu. Kwa hivyo ile hoja ya "stima inatoka kwa makaa" ni hoja ya kuazima. Afrika Kusini ni ya kweli, huko makaa yanatoa zaidi ya 80 kwa mia ya stima. Hapa si ya kweli.

11/ Hesabu sasa, polepole. Lita ya petroli ikichomwa hutoa kama kilo 2.3 za kaboni. Gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linatoa zaidi ya kilo 18. Gari la stima la ukubwa huo linakula kama uniti 18 kwa umbali huo. Kwa stima yetu, hata tukihesabu ile uniti moja ya dizeli kati ya 10 na gesi inayotoka ardhini pamoja na mvuke, tunapata kama kilo 2. Tuwe wakali tuseme 3. Tofauti ni kilo 15 kila kilomita 100. Na hapo sijagusa kaboni ya kuchimba mafuta, kuyasafisha na kuyaleta kwa meli.

12/ "Lakini betri!" Sawa, betri. Hapo kambi ya pili ina hoja. Kutengeneza betri hutoa takriban kilo 60 hadi 100 za kaboni kwa kila uniti moja inayoweza kubeba. Betri ya uniti 60 basi inaanza maisha na deni la tani 3.6 hadi 6 kabla gari halijatoka kiwandani. Gari la stima linazaliwa likiwa chafu kuliko la petroli. Huo ni ukweli, na ukimsikia mtu akiuficha jua anakuuzia kitu.

13/ Swali ni deni hilo linalipwa lini. Chukua deni kubwa zaidi, tani 6, na ile tofauti yetu ya kilo 15. Linaisha baada ya kilomita 40,000. Mtu wa kazi na kanisani, anayeenda kilomita 15,000 kwa mwaka, anamaliza deni chini ya miaka 3. Teksi ya kilomita 150 kwa siku inamaliza ndani ya miezi 9. Baada ya hapo kila kilomita ni faida, na gari likitunzwa linaenda zaidi ya kilomita 200,000.

14/ Na ukweli ni kwamba wengi wetu hatutanunua gari. Tutapanda boda. Chukua boda inayochoma lita 3 kwa siku: hizo ni kilo 7 za kaboni hivi. Ya stima, kwa uniti 5 hivi, haifiki kilo moja. Betri yake ni ndogo, uniti 2 au 3, kwa hivyo deni lake la juu ni kama kilo 300. Hata ukihesabu betri ya pili inayokaa kituoni ikingoja kubadilishwa, deni linaisha kwa siku 100. Kama kuna mahali stima inashinda bila mjadala, ni chini ya makalio ya mwanaboda.

15/ Hapa ndipo siasa inaingia. Hesabu yangu yote inasimama juu ya ile kilo 3. Kulikuwa na mpango wa kituo cha makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050. Wakati huo matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa karibu megawati 1,900. Kituo kimoja tu kingekuwa sawa na zaidi ya nusu. Uniti ya makaa hutoa kama kilo moja ya kaboni. Rudia hesabu: uniti 18, kilo 18. Sawa na petroli! Gari linalochajiwa kwa makaa matupu halilipi deni la betri yake mpaka linakufa.

16/ Kilichozuia ni watu wa Lamu waliokataa, wakaenda kesi. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta kibali cha kituo hicho, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu wengi hawana gari. Lakini walilinda usafi wa gari ambalo mtu wa Nakuru atanunua kesho. Ndiyo maana nasema usafi wa gari la stima unaamuliwa kwa jopo, kwa bajeti na kwa kura, kabla haujafika kwa mwenye duka la magari.

17/ Mfano mwingine mdogo. Usiku wa manane nchi inalala na matumizi ya stima yanashuka, lakini mvuke wa Olkaria hauna swichi ya kulala. Sehemu yake huachiliwa tu hewani bila kuzalisha stima. Mwaka 2023 bei maalum ya kuchajia magari iliwekwa: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa zile za usiku kabla ya kuongeza kodi na ada. Gari linalochajiwa saa nane usiku linatumia mvuke uliokuwa unapotea. Linalochajiwa saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, linaweza kulazimisha jenereta za dizeli kuwashwa. Gari ni lile lile. Saa na bei ndizo zimebadilika.

18/ Sasa kambi ya kwanza nayo ikae chini isikize. Stima safi ina wenyewe walioilipia. Ili Olkaria IV ijengwe, familia za Wamaasai kutoka vijiji 4 zilihamishwa 2014. Wakalalamika kuhusu ardhi waliyopewa, makorongo yake na barabara. Benki ya Dunia ilikuwa mfadhili, na jopo lake lenyewe la ukaguzi likakuta 2015 kwamba kanuni za benki hazikufuatwa katika mambo kadhaa. Mvuke hauna moshi mweusi, lakini hautoki kwa ardhi ya bure.

19/ Kisha kuna kobalti. Takriban 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sana sana pande za Kolwezi, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Mwaka 2016 Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi kwenye machimbo hayo. Juni 2019 kuta za mgodi mmoja karibu na Kolwezi ziliporomoka zikaua wachimbaji wadogo wasiopungua 43. Kuna betri zisizotumia kobalti, zile za lithiamu na fosfeti ya chuma, na leo zimejaa kwenye mabasi na magari mengi kutoka China. Kwa hivyo kobalti si lazima. Ni chaguo, na serikali inayonunua mabasi kwa pesa za umma inaweza kuuliza kabla ya kutia sahihi.

20/ Na mwisho wa betri je? Historia yetu hapa inatisha. Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia 2007 kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto wakaugua, wengine wakafa. Phyllis Omido aliyefanya kazi hapo aligundua maziwa yake yamemtia mwanawe sumu, akaanza vita. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha malipo hayo.

21/ Lakini ona jambo moja. Zile betri za Owino Uhuru zilikuwa za risasi, zile zile zinazowasha magari ya petroli na dizeli. Kwa hivyo mtu akikwambia "betri za gari la stima zitatuua", mkumbushe kwamba betri zilishatuua, na zilikuwa za magari anayoyatetea. Betri ya lithiamu haina risasi, na ikichoka kwa gari bado inaweza kuhifadhi stima ya sola nyumbani au dukani. Ila ikitupwa Gioto pale Nakuru pamoja na takataka zingine, inaweza kuwaka moto na kutoa gesi ya sumu, na wa kwanza kuivuta atakuwa yule mama anayeokota plastiki.

22/ Sheria ipo. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni abebe jukumu la taka yake. Karatasini ni nzuri. Mtihani utakuja magari ya stima ya mitumba yatakapoanza kushuka Mombasa kwa wingi. Kanuni yetu ya mitumba ni ya miaka 8. Kwa gari la petroli, miaka inatosha kukupa picha. Kwa la stima, cha maana ni afya ya betri. Tukihesabu miaka tu, tutakuwa jaa la betri zilizochoka za watu wengine, na ile hesabu yangu ya tani 6 itaharibika kwa sababu betri itakufa kabla ya kumaliza deni.

23/ Na kuna uchafu ambao stima haigusi kabisa. Gari la stima ni zito, tairi zake zinasagika na vumbi lake linaenda mtoni. Kwa upande wa breki lina nafuu: likishuka mteremko wa Sachangwan, mota yenyewe inalishika na kurudisha chaji, badala ya breki kuungua. Lakini msongamano wa magari ya stima bado ni msongamano. Basi moja lililojaa abiria linashinda magari 30 yenye mtu mmoja mmoja, yawe ya stima au ya petroli.

24/ Tujumlishe. Petroli: uchafu wake uko ndani ya lita yenyewe. Unaweza kutoa risasi, unaweza kupunguza salfa, lakini zile kilo 2.3 za kaboni hakuna sheria itakayozitoa. Stima: uchafu wake uko pembeni, kwa mgodi, kwa ardhi ya mtu, kwa kituo cha kuzalisha, kwa jaa la taka. Kote huko sheria inafika, ikitaka. Ndiyo maana nachagua stima. Siichagui kwa kuwa ni safi. Naichagua kwa kuwa inaweza kusafishwa.

25/ Kwa hivyo kampeni zikija, na mtu akasimama juu ya gari kuahidi magari ya stima au kuyalaani, muulize maneno manne. Stima ya kuyachaji itatoka wapi miaka 10 ijayo, na makaa yako kwenye mpango? Wenye ardhi ya mvuke watapata nini, na kabla ya kuhamishwa au baada? Betri iliyokufa itapokelewa wapi katika kaunti hii, na nani atalipa? Boda na matatu watasaidiwa vipi kuhama, au msamaha wa kodi ni wa wenye magari makubwa pekee?

26/ Akijibu yote manne, msikilize, hata kama hupendi rangi ya shati lake. Akiruka akaanza kukuambia kuhusu wazungu au kuhusu wokovu, ujue hajafanya hesabu. Wewe sasa umefanya. Mwenye swali au takwimu za kunipinga, aweke hapa chini, lakini aje na namba.